Kibuyu cha Kaka Pankras

Kaka Pankras alimeza kidonge asubuhi, kabla ya uji, wakati watu wa kwanza wa ngokela, kazi yetu ya kusaidiana shambani, walikuwa wanapanda kilima na miundu yao begani. Nilimwona kwa sababu nilikuwa jikoni nachuja ugimbi, na mlango wa jikoni unatazamana na chumba chake. Alikitoa kwenye pakiti, akakitupa mdomoni, akakisukuma kwa maji ya mtungini, kisha akasimama ameshika kiuno, akisubiri.

"Kaka, hicho si cha usiku?"

"Cha usiku ni cha kulala. Hiki ni cha kiuno. Unataka nifyeke nyasi nikiwa nimepinda kama bibi?"

"Nesi Sekela alisema..."

"Nesi Sekela hana shamba huku, Lukre. Kwao Tukuyu wanalima ndizi, ndizi hazina mteremko." Akatoka anacheka.

Kiuno kilimwanza wakati wa kupakia kahawa. Aliinua gunia kulitia kwenye pikapu yake, likamrudia, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Tulipokwenda zahanati, Mama alinituma nimsindikize, maana Mama anasema wanaume wakiwa mbele ya daktari wanasikia nusu. Nesi Sekela alimpa vidonge vidogo, kimoja wakati wa kulala. Alizungumza na yeye, lakini macho aliyaweka kwangu.

"Hii dawa inalegeza mwili na kuleta usingizi. Usinywe pombe, ya chupa wala ya kienyeji. Vikikutana tumboni, kimoja kinakipa kingine nguvu. Na ukijisikia mzito, usishike usukani, hata kama umelala usiku kucha. Umenielewa, kaka?"

"Nimekuelewa, Sista."

Tulipofika pale njia inapokuwa nyembamba, kaka akaniambia, "Ya kienyeji! Ugimbi ni chakula. Bibi alitulea kwa ugimbi." Nilikuwa nimeshika yale maneno ya nesi moja moja, kama mtu aliyetumwa dukani bila karatasi.

Siku ile ya ngokela ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Huku kwetu milimani, wiki hiyo kila nyumba inataka kumaliza kuchimba ngolo, kwa sababu Kwaresima ikiingia hakuna pombe, na pasipo pombe hakuna ngokela. Nani atakuja kukuchimbia mlima mzima bure? Wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba mteremko wote. Wanawake wanafuata na majembe, wanazifukia, mpaka kilima kinabaki mashimo mashimo kama sega la nyuki. Halafu maharage. Mwenye nyumba ana mambo mawili ya lazima. Afyeke pamoja na waliokuja, asikae kivulini. Na ugimbi ukitoka, yeye ndiye anywe kwanza, mbele ya macho ya watu wote, ili wajue kwamba ni mzuri na umetolewa kwa moyo.

Baba alishafariki. Mwenye nyumba alikuwa Kaka Pankras.

Kwa hiyo nilikuwa nimepanga mapema. Togwa ya watoto na ya mama wanaonyonyesha niliipika siku moja na ugimbi, na nilipoikorogea unga wa ulezi kidogo juu, rangi ilikuwa ile ile. Kibuyu cha Baba, chenye shingo iliyofungwa waya, hakinywewi na mtu mwingine ila mwenye nyumba. Nilimfuata kaka shambani nikajifanya nampelekea maji.

"Nitakutilia togwa kwenye kibuyu cha Baba," nikamwambia taratibu. "Wewe unywe tu, ujifute mdomo. Nani atajua?"

Jasho lilikuwa linamtiririka lakini uso ulikuwa umetulia, dawa ilikuwa imemshika. "Wewe mtoto una akili ya mchawi," akasema. Kisha akasema, "Haya. Tilia."

Jua lilipofika utosini tukaweka majembe. Watu walikaa chini ya migomba, wanaume huku, wanawake kule, nami nikagawa. Kaka akainua kibuyu cha Baba, akanywa, akanywa tena, akajifuta kwa kiganja.

"Mzuri!" akasema.

Kina mama wakapiga vigelegele. Mama alitabasamu, maana mkono wake kwenye ugimbi unajulikana mpaka kijiji cha Ruanda. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nikaenda kukoroga mboga.

Mansuetus ndiye aliyeharibu, na hakukusudia. Mansuetus ni mtoto wa shangazi yetu, mtani wetu kwa hiyo, na kwa mtani hakuna mlango uliofungwa. Anaweza kukuchukulia kuku, anaweza kukutukana mama mkwe akiwepo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Alikuja nyuma ya kaka, akampokonya kibuyu mkononi.

"Lete huku, mtani. Nyumba hii tunaijua. Kizuri mnakificha, sisi mnatupa machicha."

Akanywa. Akasimama. Akachungulia ndani ya kibuyu kwa jicho moja, kama mtu anayetafuta panya shimoni.

"Jamani!" akapiga kelele. "Jamani njooni mwone! Pankras bado ananyonya!"

Watu wakaangua kicheko hata kabla ya kujua.

"Togwa! Ni togwa, haki ya Mungu! Ndevu zote hizi, na ananyweshwa togwa. Mama, huyu mtoto mmemwachisha ziwa lini? Lete nepi nimfunge!"

Alijilaza chini akaanza kulia kama kichanga, miguu juu. Mimi mwenyewe nilicheka, kwa jinsi alivyofanya. Kaka pia alicheka. Ingeishia hapo. Lakini Mansuetus akakaa, akashika kikombe chake cha ugimbi, akakitazama, akasema kwa ile sauti yake ya utani, "Sasa ngoja. Mwenye nyumba hanywi, sisi tunakunywa. Huu ugimbi wetu mmetia nini?"

Ulikuwa utani. Kila mtu alijua ni utani. Lakini kicheko kilipungua. Mama mmoja wa jirani, mtu mzima, aliyekuwa amepeleka kikombe mdomoni, akakishusha polepole na kukiweka kwenye nyasi. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Nilimwona Mama yangu akiangalia vile vikombe viwili chini.

"Anatumia dawa," nikasema kwa nguvu. "Kaka ana dawa ya kiuno. Nesi amemkataza."

"Dawa!" Mansuetus akadakia. "Mimi nina dawa ya minyoo tumboni tangu Alhamisi, na ugimbi ndio unaisukuma!"

Wakacheka tena, lakini vile vikombe havikuinuliwa. Kaka alinitazama, halafu akamtazama Mama. Akanyoosha mkono akachukua kikombe cha Mansuetus, akakinywa chote bila kupumua, akakipindua juu ya kichwa chake ili waone kimekwisha. Vigelegele. Yule mama wa jirani akaokota kikombe chake. Na kwa mtani kikombe kimoja hakitoshi. Mansuetus alijaza, kaka akanywa, akajaza, akanywa. Nilipopita karibu yake nikamgusa bega.

"Basi, kaka."

"Ni chakula, Lukre," akasema kwa upole. "Leo siendi popote."

Na kweli siku hiyo hakuwa na safari. Safari ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mdogo wetu Beata, aliyeolewa na Henry, mvuvi wa Liuli, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza hospitali ya kule ziwani, kwa kupasuliwa. Mtoto wa kwanza mama yake anamlelea kwao. Ndivyo tulivyokubaliana na wakwe. Kwa mshono ule asingeweza kupanda bodaboda. Pikapu ya kaka ndiyo iliyokuwa imfuate.

Simu ya Henry ikalia watu wakiwa wanarudi shambani kwa kipande cha mwisho. Kaka aliongea amekaa, mgongo kwenye mgomba.

"Wamemruhusu leo," akatuambia. "Vitanda vimejaa. Yuko kwenye benchi nje na mtoto."

Mama aliacha kuosha vyombo. "Kwenye benchi? Na mshono?"

"Si akalale kwa mama yake Henry?" nikasema. "Ni usiku mmoja tu. Kesho tukitoka misa tunaenda."

"Kwa mama Henry wamejaa wageni wa ubarikio," kaka akasema. Alisimama. Alisimama vizuri tu, hakuyumba. Ndilo lililonitisha. Nimeona watu wamelewa tangu utoto, najua wanavyotembea. Yeye hakuwa hivyo. Alikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi jepesi, kila kitu anakifanya sawa ila kwa kuchelewa kidogo. Nilimwita, akageuka baada ya kitambo.

Nilitangulia chumbani kwake nikachukua ufunguo wa gari pale msumarini, nikautia kwenye kifundo cha khanga yangu.

Alitafuta. Alikuja jikoni. "Lukre, ufunguo."

"Sikupi, kaka. Umekunywa na umemeza. Tumtafute Protasi, atuendeshee gari."

"Protasi yuko Songea na mahindi yake."

"Basi kesho."

"Dada yako amekaa kwenye benchi na kichanga cha wiki moja, mimi nalala kivulini na ugimbi tumboni? Henry atasema nini? Watu wa ziwani watasema Wamatengo wakipata pombe wanasahau watoto wao."

"Waseme."

Mama aliingia, mikono ina maji. Alitutazama. "Kuna nini?"

"Amenificha ufunguo. Ananiona mlevi."

"Mama, si ulevi. Ni dawa. Nesi alisema vikikutana..."

"Ugimbi wangu haujawahi kumwangusha mtu," Mama akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anamfikiria Beata, niliona. Alikuwa ameshatandika kitanda chake, amepaka udongo upya ukuta wa chumba. "Simama, Pankras. Tembea." Kaka akatembea mpaka mlangoni na kurudi, amenyooka. "Si unaona? Mpe kaka yako ufunguo, Lukresia. Na wewe nenda naye, ukampokee mtoto."

Nilifungua kifundo.

Nilipokuwa najifunga khanga nyingine niliwaza kukataa kwenda, halafu nikaona nikikataa ataenda peke yake. Nikapanda. Nilijiambia, nitamwongelesha njia nzima. Mtu anayejibu hawezi kulala.

Tulishuka ile barabara ya vumbi mpaka Mbinga mjini salama. Nilimuuliza kila kitu. Nilimuuliza bei ya matairi, nikamuuliza mtoto ataitwa nani, nikamuuliza habari za msichana mmoja wa Nyoni aliyekuwa akimwandikia zamani. Alijibu, akacheka pia. Lakini tulipoingia lami ya kwenda Mbamba Bay, gari likaacha kuruka, likawa linateleza tu, na majibu yakaanza kuchelewa. Kope zake zilikuwa zinashuka na kupanda kama za kuku.

"Kaka, simama."

"Niko sawa."

"Simama nikojoe, basi."

Akasimama kando, palipo na miti ya misonobari. Nilipoteremka nikazungukia upande wake, nikafungua mlango, nikatoa ufunguo mwenyewe. Hakubisha. "Kidogo tu," akasema, akaegemeza kichwa, na kabla sijafunga mlango alikuwa ameshaanza kukoroma.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro na ufunguo mkononi. Magari yalipita, bodaboda zikapita, mama mmoja aliyebeba kuni akanisalimu na kuuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia hapana, dereva amepumzika. "Ni vizuri," akasema. "Hii barabara inataka mtu aliyelala." Nilifurahi. Nilimpigia Beata, nikamwambia tutachelewa kidogo. Nikasikia kichanga nyuma ya sauti yake, nilikuwa sijamsikia bado.

"Anafanana na nani?" nikamuuliza.

"Na Pankras," akasema. "Masikio hayo! Usimwambie, atavimba kichwa."

Nilimwacha kaka alale mpaka kivuli cha misonobari kilipovuka barabara. Aliamka mwenyewe. Alinawa uso kwa maji ya chupa, akanawa shingo, akajinyoosha, akaniomba msamaha.

"Sasa nimepona," akasema. "Hata kiuno hakiumi. Ulifanya vizuri, mdogo wangu. Lete."

Nilimtazama machoni kwa muda mrefu. Yalikuwa meupe, yametulia. Alitaja jina langu lote, alitaja siku, alisema tutafika Liuli kabla ya giza. Nikampa ufunguo. Nilidhani usingizi ukilalwa unakwisha, kama njaa ikiliwa. Sikujua kwamba dawa ile na ugimbi ule vilikuwa bado vinaendelea na kazi yao ndani yake, vimempa nafasi tu ya kuvuta pumzi.

Barabara inaposhuka kwenda ziwani ina kona zinazofuatana, huku mlima, huku bonde. Ziwa linaonekana mbele, kubwa, linang'aa mpaka unapepesa. Nilikuwa nimeamua kumwambia lile la masikio. Nikamwambia, na akacheka, akasema, "Ee? Masikio yangu?" Nikaendelea, nikasema Beata amekataza usiambiwe. "Ee," akasema. Nikasema, tukifika ujifanye hujui. Nikasubiri ile ee.

Nilipogeuka macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anatazama mbele, mikono imeshika usukani, na hakuwepo.

"Kaka!"

Kona ilikuwa imeshafika. Niliushika usukani nikausukuma upande wa mlima, kwa sababu upande wangu hapakuwa na kitu, vilele vya miti tu na ziwa. Gari lilivuka barabara. Ukuta wa jiwe ulitupokea kwa upande wake.

Mimi nilivunjika mtulinga na mbavu. Askari wa barabarani alisema ningeacha tungekwenda wote bondeni. Kaka Pankras alikuwa hai walipomtoa; alipumua kwa muda, kichwa chake kwenye khanga yangu, barabarani, watu wamesimama. Hakukunja uso hata kidogo. Nadhani hakuamka.

Beata aliletwa nyumbani na gari lililoleta jeneza, yeye na mtoto mbele pamoja na dereva, Henry nyuma na wanaume. Mama alitoka kumpokea mjukuu, akaona vyote viwili kwa mara moja.

Msibani watu walisema breki. Gari bovu, walisema, mteremko ule, breki zimekatika. Walisema kwa wema. Aliyesema alinitazama ili niitikie, na mimi nilikuwa nimefungwa mkono, naumwa, nilinyamaza. Nesi Sekela alikuja na wenzake wa zahanati, akampa Mama pole, akakaa karibu yangu kwenye mkeka. Hakuniuliza chochote. Alinishika mkono mzima mpaka walipoanza kuimba.

Kaburi ni kazi ya watani. Mansuetus alichimba tangu alfajiri, hakutaka kupokewa. Na kawaida wakati wa kushusha, mtani huzuia njia. Hulala ndani ya kaburi akidai malipo, huiga marehemu alivyotembea, alivyopiga chafya, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki, na hapo ndipo mwili unapopita. Kwa hiyo jeneza lilipofika watu wakasimama, wakimtazama. Alikuwa amesimama ukingoni na jembe, udongo mpaka magotini.

"Mtani," akasema.

Tukangoja.

"Mtani," akasema tena. Kisha akapisha njia.

Majivu tulipakwa Jumatano. Wageni walipungua. Mchana mmoja, Mama akiwa anamwogesha mtoto uani na Beata amelala, Mansuetus alikuja akasimama nje ya jikoni. Hakuingia, yeye ambaye hajawahi kubisha hodi kwetu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mansu. Karibu."

"Nimekuja kuuliza breki," akasema.

Mama hakuinua kichwa. Alimmiminia mtoto maji mgongoni kwa kiganja, kidogo kidogo. Nilidhani atasema ndiyo, ni breki, amwache aende zake. Mimi ningesema hivyo. Lakini Mama alikuwa hajaniuliza mpaka siku hiyo, na nadhani naye alikuwa anangoja mtu wa kuuliza.

"Mwambie, Lukresia," akasema. "Mwambie tusikie wote."

Nikawaambia. Nilianzia kidonge cha asubuhi. Nikasema nesi alivyosema, kwamba vikikutana kimoja kinakipa kingine nguvu, kwamba si ugimbi peke yake, wala si dawa peke yake, pengine angekuwa na kimoja tu angefika. Nilisema vikombe viwili kwenye nyasi. Nilisema ufunguo. Nilisema alilala, na mimi nikadhani amepona. Mama aliposikia lile la ufunguo alimtoa mtoto majini, akamfunika, akamkumbatia kifuani na taulo lake bichi.

"Ulinikatalia," akasema. "Nikakulazimisha."

"Ulikuwa unamwaza Beata, Mama."

"Nilikuwa namwaza Beata." Alisema kama anayejaribu kuyasikia maneno yenyewe, kama yanatosha.

Mansuetus alikuwa ameketi kwenye kizingiti, viganja viko juu ya magoti.

"Njiani alinisema?" akauliza. "Alinikasirikia?"

"Hapana," nikamwambia, na ni kweli. "Alisema siku ya ngokela yenu atakuja atakulipa. Alikuwa anatafuta atakufanya nini. Alikuwa anacheka peke yake."

Mansuetus aliinamisha kichwa. Hakulia kwa sauti. Mtoto alikuwa anatafuta ziwa kwenye nguo ya Mama, na Mama akasimama kumpelekea Beata, akampita Mansuetus pale mlangoni, na akipita alimwekea mkono kichwani, akauacha pale kidogo, kisha akaingia ndani.